Nyuki Waliolala na Ndama

Kila mwaka ukungu ulipoanza kukaa huku kwetu Nambis, mama alifunga mzigo wake akashuka kwao Gendabi, na kila mwaka alirudi tulipoanza kuandaa mashamba. Majirani walikwisha kuzoea. Sababu ilikuwa kifua. Mama ni Mbarbaig, amekulia chini ya mlima Hanang, mahali ambapo hata wakati wa baridi jua linatoka asubuhi na upepo unakausha kila kitu. Baba ni Mwiraqw wa huku juu. Huku kwetu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, unaanika shuka leo na kesho unalikuta lina maji vilevile. Mama alianza na kikohozi kidogo, kisha kifua kikabana, kisha akawa hawezi kupanda kutoka kisimani bila kukaa chini na kushika magoti. Zahanati walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ilimsaidia, lakini haikumtosha.

Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, mama alichelewa kushuka kwa sababu ya maharage yaliyokuwa bado shambani. Tulimbeba mpaka barabarani kwa blanketi, wanaume wakipokezana. Tangu siku hiyo baba alikuwa na hofu ambayo hakuisema. Niliiona tu kwa jinsi alivyomtazama mama akikohoa, kisha akainuka na kwenda nje.

Nyuki walikuwa wa mama. Alipoolewa, baba yake alimpa mizinga ya magogo iliyokuwa imening'inia kwenye migunga ya kwao, ikabebwa kwa punda mpaka huku juu, midomo yake imezibwa kwa matope na mavi ya ng'ombe. Nimesikia kwamba watu wa Nambis walicheka sana. Walisema bibi harusi wengine huja na vyombo, huyu amekuja na mzigo unaouma. Mama hakujali. Alikuwa akilina mwenyewe, kichwa kimefungwa kanga tu, na alikuwa akiwasemesha nyuki kwa lugha yao ya kule chini, kwa sauti ya mtu anayewagombeza watoto wake.

Lakini kila kipindi cha baridi tulipoteza. Ukungu ukiisha, mama akirudi, jambo la kwanza alizunguka mizinga akiigonga kwa kidole na kutega sikio. Uliokuwa kimya aliushusha, akausafisha, akauweka ghalani. Hakulia. Alisema tu kwamba hawa hawakuweza. Mwisho ukabaki mmoja, chini ya paa la ghala, upande usiopigwa na upepo.

Asubuhi aliyoondoka mwaka huo, jirani yetu, mzee mmoja mcheshi ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja kumuaga. Alimtania kama kawaida yake.

"Shemeji, safari hii utarudi au umetuchoka?"

Mama alikuwa anafunga fundo la mzigo. Akajibu bila kuinua kichwa. "Waulize nyuki. Wao na mimi tumetoka mti mmoja. Wakivuka baridi hii, narudi, tena mwakani sishuki. Wakiweza wao, na mimi nitaweza."

"Na wasipoweza?"

"Basi mtafutieni ndugu yenu mke wa huku huku, aliyezaliwa na ukungu puani."

Jirani alicheka mpaka akakohoa yeye. Mimi pia nilicheka kidogo. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika fimbo yake, anatazama chini ya paa la ghala.

Mama alipokwisha kuondoka, baba hakusema neno juu ya mzinga. Ukungu uliposhuka kabisa, ule ambao hata kengele ya ng'ombe unaisikia bila kumwona ng'ombe, aliniita nimshikie ngazi. Aliushusha mzinga taratibu, akaubeba kifuani, akaingia nao ndani ya nyumba.

Lazima nieleze nyumba yetu, maana mtu wa mahali pengine anaweza kumwona baba ni mtu wa ajabu. Kwetu, kitu unachokiogopea baridi unakiingiza ndani. Ndama wanalala ndani. Mbuzi aliyezaa analala ndani. Kondoo mgonjwa, kuku, hata viazi vya mbegu, vyote ndani. Upande mmoja wa nyumba ni wa wanyama, upande wa pili ni mafiga na vitanda, na katika kipindi cha baridi moto hauzimwi. Nimekua nikilala huku nasikia ndama wakicheua. Kwa hiyo baba alipouweka mzinga juu ya vigogo nyuma ya ndama, akatoboa ukuta wa udongo ili nyuki wapate mlango wa kutokea, mimi sikuona ajabu. Niliona kwamba hatimaye amewahesabu nyuki kuwa ni mifugo.

Jirani alipita akauona ule mlango mdogo ukutani, na nyuki wawili watatu wametoka wanatembea juu ya udongo.

"Sasa hawa utawakamua lini?" akauliza.

"Mwezi wa tisa," baba akasema. "Njoo na kikombe chako."

Siku zile za mwanzo baba alikuwa na furaha. Kulipopambazuka alikwenda kwanza kwenye mzinga kabla ya kuwafungulia ndama, akainama, akaweka sikio kwenye gogo, vilevile anavyosikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Jioni alipanda kwenye kilima kidogo ambako mtandao unashika, akampigia mama.

"Wanaongea," alikuwa akimwambia. "Wanaongea sana. Hata leo wameongea."

Sijui mama alijibu nini. Sikujua pia kama alimwambia mzinga uko wapi. Nadhani alitaka kumfurahisha akirudi, auone mwenyewe.

Nyuki waliongea kweli. Ndani mlikuwa na joto, na wao walidhani baridi imekwisha. Walikuwa wakitoka asubuhi kupitia tundu la ukutani, wakaingia kwenye ukungu, wakaanguka. Niliwakuta kwenye majani ya kabichi, kwenye nyasi, juu ya kuni, mabawa yamelowa, miguu imekunjwa. Nilidhani wamekufa. Siku moja niliokota mmoja, nikampulizia pumzi ndani ya viganja kwa ajili ya kucheza tu, akachezesha mguu. Nikampulizia tena. Akaanza kutetemeka mwili mzima, kisha akasimama akajipangusa uso.

Kuanzia hapo ikawa kazi yangu ya asubuhi. Nilizunguka uwanja na bakuli, nikiwaokota na kuwapulizia, nikawarudisha ndani kwenye joto. Mimi ni mtu wa maneno machache. Tangu shuleni nilikuwa naona haya hata kuitika jina langu. Kazi ile ilinifaa, maana haikuhitaji kusema na mtu. Wengine waliamka. Wengi hawakuamka. Kulikuwa na ndama mmoja aliyeumwa mdomoni akavimba, na mimi niliumwa mara nyingi vidoleni, lakini baba alisema tutazoeana wote.

Kisha sauti ikaanza kupungua. Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu. Baba naye alianza kukaa muda mrefu zaidi kwenye gogo, shavu limelala juu yake, macho yamefumbwa. Aliinua mwisho mmoja wa mzinga kupima uzito, akaurudisha chini haraka. Tulikuwa hatujagusa asali yao hata tone. Mama alikuwa ameiacha yote, alisema mwaka huu wale wenyewe. Lakini mzinga ulikuwa mwepesi.

Baba alikoroga sukari kwenye maji ya moto, akaiacha ikapoa, akaiweka kwenye kisahani chenye vijiti vya kusimamia ili wasizame. Walikuja wachache. Siku ya pili yake hawakuja.

"Wanasikia baridi," baba akasema.

Akaongeza kuni. Alikwenda mwenyewe kwenye mikaratusi ya bondeni, akarudi na mzigo mbichi, maana kavu zilikuwa zimekwisha, akawasha moto mkubwa kuliko tuliouzoea. Moshi wa kuni mbichi ulijaa mpaka kwenye paa, ukashuka tena juu ya vichwa vyetu. Mimi nilisonga ugali huku machozi yananitoka. Baba alikaa katikati, kati ya moto na mzinga, akipepea kwa shuka lake joto lielekee kule.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane niliamka nikasikia ndama tu. Baba alikuwa tayari kwenye mzinga. Sikio lilikuwa kwenye gogo, kisha akaligonga kwa kidole kama mama anavyofanya, akasikiliza, akagonga tena. Halafu akachukua panga akabandua kifuniko.

Walikuwa mle ndani. Chini ya gogo walikuwa wamelala wengi, wamelowa, wameshikamana kama majani ya chai yaliyotumika. Juu, kwenye masega, kulikuwa na kundi dogo linalotosha viganja viwili, kila mmoja ameingiza kichwa ndani ya chumba cha sega, mgongo tu unaonekana. Vyumba vilikuwa vitupu. Niligusa mmoja, hakusogea. Nikainama kuwapulizia, kama nilivyozoea. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka.

Baba aliniwekea mkono begani. "Wamehama," akasema.

Nilimtazama. Kisha nikawatazama nyuki. "Baba, hawa hapa."

"Hawa walibaki. Wengine wamehama."

Alirudisha kifuniko, akakipigilia kwa ngumi, akatoka kwenda kuwafungulia ng'ombe.

Jioni hakupanda kilimani kupiga simu, wala kesho yake. Nilipokwenda mimi kule juu kwa ajili ya kuni, simu ya baba niliyokuwa nimepewa nibebe iliita mfukoni, nikaona ni mama. Nilisimama nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Niliporudi nilimwambia baba. Alisema habari kama hiyo haisemwi kwenye simu, mtu lazima aende. Halafu akasema nitakwenda mimi.

"Utamwambia wamehama," akasema. "Basi. Wewe husemi sana, hatakuuliza sana."

Nilishuka. Njia nzima, ndani ya gari, nilikuwa nikilirudia neno lile kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilipofika Gendabi jua lilikuwa linawaka. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa langoni kwenye ua wa miiba anatengeneza mlango wa zizi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umeshuka na ukungu mfukoni? Usiumwage hapa, ng'ombe zangu hazijui kuogelea."

Nilicheka ili nisilie. Aliniangalia vizuri, akaacha utani, akanionyesha mama alipo.

Mama alikuwa amekaa juani akipepeta maharage. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimwamkia, nikaketi karibu yake, na kitu nilichokisikia kwanza ni kwamba hakuna ninachokisikia. Alikuwa anavuta pumzi bila sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba mama anaweza kuvuta pumzi bila sauti.

"Baba yako mzima?"

"Mzima."

"Mbona hapokei simu?"

Niliokota harage lililoanguka chini. Akaweka ungo chini. "Nyuki?"

"Wamehama," nikasema.

Hakukasirika. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Nani kakufundisha hilo?"

"Baba."

"Nyuki wakihama wanakwenda wote, mwanangu. Wanakwenda na malkia wao na asali tumboni. Ndani hubaki masega tu. Mlikuta masega tu?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Walikuwa wangapi?"

Nilimwonyesha kwa viganja viwili.

"Vichwa vilikuwa wapi?"

"Ndani ya vyumba."

"Njaa," mama akasema. Halafu akakunja uso. "Lakini niliwaachia asali yote. Mlilina?"

"Hatukugusa, mama. Kweli."

"Mzinga ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa ndama."

Mama aligeuka akatazama mbali, kule mlima ulipo. Mjomba alikuwa amesogea, amesimama na nyundo mkononi.

"Mimi nikienda kulina, kwa nini ninawapulizia moshi?" mama akaniuliza.

"Wasiume."

"Na kwa nini hawaumi?"

Mama akajijibu mwenyewe.

"Nyuki akinusa moshi anajua pori linaungua. Anakimbilia asali, anakula mpaka anajaa, apate nguvu ya kuhama. Akijaa hivyo hana habari na mtu. Sasa ninyi mmempa moshi asubuhi, moshi mchana, moshi jioni. Kila siku mnamwambia moto unakuja, hama. Anakula. Anatoka nje ahame, anakutana na ukungu. Anarudi. Kesho mnamwambia tena."

Nilikumbuka zile kuni mbichi. Sikutaka kumwambia, lakini nilimwambia. Nilitaka ajue kwamba baba hakufanya uzembe. "Baba alidhani wanasikia baridi. Aliongeza kuni. Alikwenda mwenyewe mpaka bondeni."

"Najua," mama akasema. "Ndivyo anavyonifanyia na mimi. Nikikohoa anaongeza kuni."

Alisema hivyo bila hasira hata kidogo.

"Hukuwahi kumwambia?"

"Ningemwambiaje? Mtu anaamka na baridi ile, miguu mitupu kwenye umande, anakwenda kukutafutia kuni. Unamwambia nini? Nikakaa kimya, nikavuta. Nilikuwa nasema labda ni ukungu tu."

Mjomba alisema kuna kundi jipya limeingia kwenye mzinga wake wa mwisho, ule wa bondeni, kama tunataka tubebe turudi nalo juu. Mama akasema hapana. Alisema wale waachwe pale pale walipozaliwa.

Nilimwuliza swali ambalo baba hakunituma. Nilimwuliza kama atarudi mvua zikikaribia.

"Nilipomjibu jirani siku ile, watu walidhani ni utani," akasema. "Na mimi nilitaka uwe utani. Nilikuwa natamani wale nyuki waweze, ili nami nijipe moyo. Hawakuweza. Mimi silali tena kule, mwanangu."

"Hata wakati wa jua?"

"Nikija wakati wa jua mtanizoea, na mimi nitawazoea. Ukungu ukianza nitasema nisubiri kidogo, maharage bado. Mwaka jana nilisubiri kidogo. Safari ijayo hamtafika barabarani." Alichukua ungo wake, akauweka tena magotini, lakini hakupepeta. "Wewe uje. Uje mara nyingi. Na baba yako mwambie aje siku za mnada, tutakula nyama, tutakaa. Mwambie simfukuzi."

Nililala kwao, kesho yake nikapanda gari kurudi. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, na kabla ya kufika Nambis dereva alikwisha kuwasha taa mchana.

Baba alikuwa ananingoja nje. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akaniuliza amesemaje. Nilikuwa nimepanga kusema maneno machache, kama alivyonizoea, lakini nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimwambia habari za moshi, na pori linaloungua, na asali inayoliwa kwa ajili ya safari isiyokuwepo. Nilimwambia hata lile la kuni na kikohozi. Sijawahi kusema kwa muda mrefu hivyo mbele ya mtu yeyote. Baba alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili. Hakunikatiza. Mara moja tu aliuliza.

"Kuni?"

"Kuni," nikasema.

Aliingia ndani. Nilimsikia anasogeza vitu. Alitoka amebeba figa moja kifuani, jeusi, bado lina joto, mikono imejaa masizi. Akaliweka chini nyuma ya nyumba, mahali pa wazi, akarudi kuchukua la pili, na la tatu. Akayapanga vizuri, akayajaribu kwa kiganja kama yamekaa sawa. Jirani alipita njiani akauliza tangu lini tunaupikia ukungu. Baba, ambaye hakuwahi kumwachia utani bila kumjibu, hakumjibu.

Jioni ile nilipika nje. Kuni zilikataa kushika, sufuria likapata umande hata kabla ya maji kuchemka, moshi ulikwenda zake shambani ukapotea. Baba alisimama kando yangu, shuka limemlowa mabegani, anautazama jinsi unavyokwenda. Nilimwaga unga, nikaanza kusonga.

"Sasa atakuja?" akaniuliza.

Nilikuwa nimemwambia yote isipokuwa hilo. Niliendelea kusonga kidogo, halafu nikamwambia hapana, hatakuja, ila amesema siku za mnada ushuke.

Baba alinyoosha mkono akachukua mwiko kutoka mkononi mwangu, akainama, akaendelea kusonga ugali yeye.